Mchepuko wa kwa Hilda

Mara ya mwisho mliniacha nyumbani kwa Hilda, mwiko mkononi, ugali umegandia kwenye mwiko, na nusu ya mji wetu wa Dongobesh iko nyuma yangu inasubiri nywele zing'olewe.

Kwa aliyechelewa kunifahamu, mimi ni Hadiya, wengi wananiita Mama Raudha. Nina mgahawa kando ya barabara kuu, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu baba yangu, Mzee Selemani. Barabara ilipoanza kutengenezwa, vumbi likahamia kwenye maharage yangu. Wakachimba mtaro mbele ya mlango wakauacha wazi, wateja wakawa wanavuka juu ya ubao kama mbuzi. Halafu wakaja na rangi nyekundu, wakanipiga X ukutani jikoni. X nyekundu maana yake umejenga ndani ya eneo la barabara, vunja mwenyewe, na fidia usiulize.

Hayo yote niliyameza. Lililonikwama kooni ni sauti ya mume wangu Nurdin nyuma ya stoo, akiongea na simu.

"Mchepuko wa kwa Hilda umekaa vizuri sana. Ila Mama Raudha asijue mpaka mambo yakamilike."

Mchepuko. Wewe unayesoma ungeelewa nini? Mwanamke wa ndoa akisikia mumewe ana mchepuko, haendi kufungua kamusi. Nilitoka na mwiko uleule niliokuwa nasongea ugali.

Nakiri mbele yenu kwamba nilikwenda kumpiga Hilda. Mjane wa watu, tena ananizidi umri, mwanamke ambaye hajawahi kunitazama vibaya. Nilikuwa nimeshachagua na shavu la kuanzia.

Lakini mlangoni alikuwa amekaa mama mkwe wake, Bibi Verediana, anapukuchua maharage. Huwezi kumruka mtu mzima kama jiwe, hata kama umekuja kwa shari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona unatembea na ugali kwenye mwiko? Kwenu sahani zimekwisha?"

Watu nyuma yangu wakacheka.

"Bibi, namtaka Hilda."

"Hilda yuko shambani, anapalilia saumu. Wewe kaa, unywe maziwa."

"Sikuja kunywa maziwa, bibi."

"Basi weka mwiko chini. Nani alikufundisha kusalimia umeshika mwiko?"

Sikuuweka. Nilizunguka nyumba, kundi likanifuata. Hilda alikuwa ameinama katikati ya vitunguu saumu vyake, mgongo umetugeukia, jembe dogo mkononi.

"Hilda!" nikapaza sauti. "Nautaka huo mchepuko! Nautaka leo leo, mbele ya watu wote!"

Nilipiga kelele mpaka waliokuwa wakilima ng'ambo ya korongo wakasimamisha majembe.

Hilda akanyooka taratibu. Akajifuta mikono kwenye kitenge. Nilitafuta hofu usoni kwake, sikuiona. Nikatafuta aibu, nayo haikuwepo. Alikuwa mtu aliyechoka tu.

"Mchepuko ndio huo umeukanyaga, Mama Raudha," akasema. "Hata mimi wameniletea jana tu."

Nikatazama chini. Karibu na mguu wangu palikuwa na kigingi kimefungwa kitambaa chekundu. Mbele yake kingine, halafu kingine, vimepangwa mstari kupita katikati ya saumu mpaka mwisho wa shamba. Kimoja walikuwa wamekigongea miguuni mwa kaburi la mumewe, Akonaay, karibu kabisa na ule msalaba wa mbao.

"Wamesema barabara itachepuka ipite hapa," Hilda akaendelea. "Mjini haitapita tena."

Halafu mmoja akasema, "Kumbe ni mchepuko wa lami!"

Hapo ndipo walipovunjika mbavu. Walicheka wakishikana mabega. Efrazia, jirani yangu anayeuza viazi mbele ya mgahawa wangu, alikaa chini kwenye tuta kwa kicheko.

Na mimi nikacheka. Nakiri hilo pia. Nilicheka kwa kuwa mume wangu hakuwa na mwanamke. Nilicheka nikiwa nimesimama kando ya kaburi lililopigwa kigingi, na nilipomwona Hilda hacheki, nikakifunika kinywa kwa kitenge.

Watu walipoanza kutawanyika, akanisogelea.

"Mama Raudha, wewe sauti yako inasikika mjini. Mimi nikisema neno, shemeji yangu Gervasi ananiambia mjane hana ardhi, ardhi ni ya ukoo. Kesho kuna mkutano. Mtaalamu wa barabara anakuja kusikiliza wananchi. Nisemee."

"Nitakusemea, dada Hilda."

"Niapie."

"Haki ya Mungu nitakusemea."

Bibi Verediana alikuwa amesimama pembeni, ameegemea fimbo. Alikuwa anatazama kile kigingi cha kaburini. "Mwanangu amelala pale," akasema. "Sasa lori litapita kifuani."

Niliondoka pale mbio mbio kwa aibu, hata mwiko nikauacha nyuma, sijui niliuweka wapi.

Nilipofika mjini nikakuta vigelegele kwenye mgahawa wangu.

Mwenyekiti Nikolausi alikuwa amesimama nje na watu wake wawili na ndoo ya chokaa. Walikuwa wanafuta ile X. Efrazia alishatangulia kufika, anapiga vigelegele kuliko wote.

"Mama Raudha umepona! X imefutwa!"

Nikataka kupiga vigelegele na mimi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Wakati huohuo basi la Haydom likasimama, abiria wakashuka wakinyoosha miguu, mmoja akaita chai na chapati, mwingine akauliza choo kiko wapi. Nikawatazama, nikaitazama ile barabara waliyokuja nayo. Mdomo nikaufunga.

Wamenifutia X kwa kuwa hawahitaji tena kupita hapa. Jiko la baba litabaki zima, safi, limepakwa chokaa, likitazama njia isiyo na gari. Watu wanapiga vigelegele wanapoondolewa mkate mdomoni, kisa wameachiwa meno.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "barabara ikihama mimi nitampikia nani?"

Nikolausi akacheka kile kicheko chake cha kwenye misiba ya watu wengine.

"Juzi ulikuwa unalia usivunjiwe. Leo hujavunjiwa, unalia tena. Nyie akina mama mnataka nini?"

"Nataka nijue nani amehamisha barabara."

"Wananchi," akasema. "Maendeleo yanaletwa na wananchi. Na ukitaka kujua zaidi muulize mumeo. Mumeo ana akili sana."

Jamani, neno maendeleo limeshanitia kichefuchefu. Kila aliyetaka kunichafulia maji, kunijazia kifusi mlangoni au kunipaka rangi ukutani alianza na neno hilo. Gari la kumwagia maji barabarani tunaliona siku anayokuja mgeni mkubwa tu. Mgeni akipita, vumbi linarudi kwenye maharage, na tunaambiwa tuvumilie maendeleo.

Nurdin nilimkuta stoo anapanga magunia ya unga.

"Baba Raudha, nilikusikia kwenye simu."

Kumbe habari ya mwiko ilishamfikia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani ulikwenda kwa Hilda na mwiko? Mke wangu, mimi na Hilda?"

"Cheka. Ukimaliza uniambie ni kitu gani hicho ambacho mimi nisijue."

Akajifuta machozi. "Ilikuwa zawadi," akasema. "Umeiharibu mwenyewe. Haya, vaa viatu twende."

Tulipanda mpaka sehemu ya nyuma ya shamba la Hilda, juu kidogo, ambako zamani watu walikuwa wakilisha ng'ombe baada ya mavuno. Bango kubwa limesimamishwa: MJI MPYA. Chini ya maandishi kuna picha ya nyumba zenye mabati ya bluu, minazi, na bwawa la kuogelea. Minazi, Dongobesh! Hapa kwetu ukiacha maji kwenye ndoo usiku, asubuhi yanakuuma meno. Ukungu unashuka mpaka huoni mbuzi wako. Nani atavua nguo aingie bwawani?

Kwenye picha kila nyumba ina barabara yake. Chini ardhini niliona bikoni za saruji za mipaka ya viwanja na njia ya mbuzi.

"Viwanja vya nani hivi?"

"Vya watu waliowahi," Nurdin akajibu. "Mwenyekiti anavyo vyake. Na sisi tunacho chetu. Kile cha pembeni kabisa, panapokuja kituo cha mabasi."

Kwenye kiwanja hicho kuta zilishafika usawa wa madirisha. Mafundi walikuwa wamekaa kivulini wanakula. Na wali ulikuwa unapakuliwa kutoka kwenye sufuria yangu. Sufuria yangu kubwa ya pilau, yenye mpini uliofungwa waya, ambayo Nurdin aliniambia amemwazima mtu wa hitima kule Katesh!

Aliyekuwa anapakua akageuka. Alikuwa Eva, binti aliyekuwa akiosha vyombo kwangu, ambaye aliniaga akisema anakwenda Basotu kumuuguza mama yake.

"Shikamoo mama."

Heshima ni heshima. "Marahaba. Mama yako wa Basotu hajambo?"

Eva akatazama chini. "Baba alisema wewe ndiye umenihamishia huku, mama. Akasema nisikuambie kitu, eti ni sapraizi."

Nikainua macho, nikasoma ukutani. Mtu alikuwa ameandika kwa chokaa, herufi kubwa kama za gereji: HADIYA HOTELI.

Nurdin akasimama ameweka mikono kiunoni, anasubiri nishukuru.

"Umeona? Jina lako. Barabara ikipita hapa, mabasi yote yatasimama kwako. Ule mgahawa wa mzee utakuwa wa kuhifadhia viazi."

Nikaingia ndani ya zile kuta. Nikasimama kwenye uwazi wa dirisha, pale ambapo mtu angesimama kupakua supu. Mbele yangu niliviona vigingi vyote kwa mpangilio, vitambaa vyekundu vinapepea kwenye saumu, na mwisho wa macho yangu ule msalaba wa Akonaay.

"Kiwanja umekinunua kwa nani?"

"Kwa Gervasi."

"Gervasi ana shamba huku?"

"Ni ardhi ya ukoo wao. Yeye ndiye mwanaume aliyebaki."

"Na Hilda?"

"Hilda si aliolewa tu pale."

Aliolewa tu pale. Aliisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikamuuliza, "Na mimi, baba Raudha, kwako mimi ni nani?" Hakunisikia. Alikuwa anamwonyesha fundi mahali pa kuweka beseni la kunawia mikono.

Ndipo nikaelewa kila kitu. Barabara haikuchepuka yenyewe, iliitwa. Kwanza wamenunua shamba la mjane kwa mtu asiyelilima, wakachora minazi juu yake, halafu wakaenda kuivuta barabara iwafuate kama ng'ombe anavyovutwa kwa chumvi. Na mimi mke wake nimewekwa juu ya uchafu wote huo, jina langu limeandikwa kwa chokaa.

Nilitema mate hapohapo, kwenye sakafu ya hoteli yangu.

Ningeshukuru angekuwa na mwanamke. Wallahi ningeshukuru. Mwanamke ningemfukuza kwa mwiko, watu wakacheka, mambo yakaisha. Hili nitalifukuzaje, nami ndiye mwenye jina?

"Kesho kwenye mkutano nitapinga," nikamwambia. "Nimemwapia Hilda."

Nurdin akakaa juu ya tofali. Akachukua kijiti, akaanza kubandua udongo kwenye soli ya kiatu. Udongo wa shamba la Hilda.

"Sikiliza. Mtaalamu amesema barabara haihami mpaka wananchi wenyewe waombe. Mkipinga inarudi palepale. X inarudi. Jiko la baba yako linavunjwa, na fidia hakuna. Kwa hiyo uchague, jiko la Mzee Selemani au saumu za Hilda."

"Niliapa, baba Raudha."

"Uliapa ukiwa na aibu. Mungu anajua."

Jioni alikula vizuri. Aliomba pilipili. Nilimtazama anavyotafuna, nikahisi kinyaa ambacho sikuwahi kumwonea mtu, sembuse mume wangu.

Kesho yake mkutano ukafanyika kwenye uwanja wa mnada. Mtaalamu wa barabara alikuja amevaa kizibao kinachong'aa, akakaa meza kuu. Pembeni yake Nikolausi, na pembeni ya Nikolausi mume wangu, eti mwakilishi wa wafanyabiashara. Gervasi alikaa mstari wa mbele, amevaa koti la kuendea misa.

Hilda alikuja na Bibi Verediana. Nikamsogezea nafasi kwenye benchi langu. Akapita kama hakuniona, akakaa kule nyuma na watu wa kijiji cha Daudi waliokuja mnadani.

Nikajiambia labda hakuniona kweli.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nilikusudia kusema barabara ipite ilipopita siku zote, jiko langu wavunje kama lazima, lakini wasipite juu ya marehemu na shamba la mjane. Nimeshafunga kitenge vizuri, nasubiri waseme maoni.

Nikolausi hakuuliza maoni. Alishika kipaza sauti, akawasalimu wazee shikamoo, akamkaribisha mgeni, kisha akaanza.

"Mheshimiwa mtaalamu, mchepuo huu, au kama wananchi wanavyouita, mchepuko, haukuletwa na sisi viongozi. Umeombwa na wananchi. Tena yupo mama mmoja, mfanyabiashara, hakungoja hata mkutano. Alikwenda kwa miguu yake mpaka shambani unapopita mchepuko. Akasema, na watu wakamsikia. Nautaka huo mchepuko! Nautaka leo leo, mbele ya watu wote! Ndugu zangu, nasema uongo?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.

"Tulimsikia!" wakaitikia.

"Hamkumsikia?"

"Tulimsikiaaa!"

Hata Efrazia aliitikia, machozi yanamtoka kwa kucheka, hajui anaitikia nini. Kwake ilikuwa bado ile hadithi ya mwiko.

Mtaalamu hakucheka. Yeye si wa huku. Aliuliza kwa makini, "Alitamka hivyo kweli, kwa hiari yake?"

"Mashahidi ni hawa wote, mheshimiwa," akasema Nikolausi.

Nikaruka kutoka kwenye benchi. "Mwenyekiti, mimi jana nilikuwa nasema habari za mwanamke!"

Kicheko kikawa mara mbili.

"Mwanamke gani?" mtaalamu akauliza.

Watu wakataka kuanguka. Lakini Gervasi hakucheka. Aligeuka kwenye kiti chake, akanitazama, akaweka mkono kwenye goti kama mtu anayesubiri kuletewa sahani.

"Ndiyo, Mama Raudha," akasema kwa upole. "Mwanamke gani? Mtaje hapa, wazee wa ukoo wapo."

Hapo nikauona mtego. Porojo za kuchekana shambani Gervasi asingeweza kuzipeleka kwenye kikao cha ukoo. Lakini kauli ya mke wa mtu, kwenye mkutano, mbele ya mgeni na mwenyekiti, kwamba alimfuata mjane wa Akonaay akidai amemchukulia mumewe? Hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Kesho yake Hilda angefungashiwa virago kwa jina la uhuni, na lile shamba wasingehitaji hata kulipigia kigingi.

Nikimtaja Hilda, ataliacha shamba. Nisipomtaja, mimi ndiye niliyeomba mchepuko.

Nikatazama meza kuu. Nurdin alikuwa anatazama viatu vyake. Alijua. Nikolausi hakuyatoa yale maneno hewani, alipewa na mtu aliyeyachekea stoo mpaka akakohoa.

"Sina wa kumtaja," nikasema, nikakaa.

"Basi tuendelee," akasema Nikolausi.

"Mwenyekiti, mimi nilikuwepo."

Alikuwa Hilda. Alisimama kule nyuma, na watu wakageuka wote, maana Hilda hajawahi kusema kwenye mkutano.

"Alisema," Hilda akaanza. Kiswahili chake ni cha taratibu, neno moja moja. "Alisimama kwenye saumu yangu, akasema anautaka. Mimi nikafikiri huyu mama ana uchungu wake mwingine, hajui anachokisema. Nikamwonea huruma. Nikamwomba anisemee leo, akaniapia kwa Mungu."

Akaanza kutembea kuja mbele. Watu wakampisha.

"Leo asubuhi nimepita kule juu kutafuta majani ya ng'ombe. Nimekuta nyumba. Mimi kusoma najua kidogo tu. Lakini jina la Hadiya nimelisoma."

"Dada Hilda, sikiliza..."

"Nilikusikiliza jana."

Akasimama mbele yangu. Akafungua kitenge chake, akatoa mwiko wangu. Ulikuwa umeoshwa, umesuguliwa kwa mchanga mpaka mti wake ukawa mweupe.

"Uliusahau kwangu. Bibi ameuosha," akasema, akaniwekea mapajani. "Utauhitaji kwenye hoteli yako."

Akarudi kukaa. Hakuna aliyecheka. Efrazia alikuwa ameshika mdomo, sasa ndiyo anaelewa aliitikia nini.

Mtaalamu akanong'onezana na Nikolausi, kisha akavuta kipaza sauti karibu yake.

"Mama mwenye mwiko," akaniita. "Mimi sitaki ya kusikia kwa watu. Njoo useme mwenyewe. Mchepuko unautaka au huutaki?"

Nikolausi akaninyooshea kipaza sauti. Nurdin akaacha kutazama viatu vyake, akainua macho. Gervasi akasogeza kiti mbele.

Nikasimama. Mkono mmoja kipaza sauti, mkono mwingine mwiko. Nikavuta pumzi ili nianze na shikamoo kwa wazee, na kabla sijafungua mdomo nikamsikia mtu kule nyuma ameshaanza kucheka.